Masaa saba Shimba Hills na hatukuona hata ndovu mmoja, tulikosea wapi?

MwanaMvita
Salaam wadau. Naomba mawazo kwa wenye kuijua Shimba Hills, ile hifadhi ya wanyama ya Kwale.

Jumamosi ilopita tulienda ofisi nzima, watu 18, sisi ni wa kliaringi na fowadi hapa mjini. Safari yenyewe ilikua ya mzee wetu mmoja, yuwastaafu mwisho wa mwezi huu. Ni mzaliwa wa Majengo, kazi ameanza 1988, meli za dunia nzima amezihesabu pale bandarini lakini ndovu hajamuona kwa macho yake hata siku moja. Tulipomuuliza ataka zawadi gani sisi twafikiria atasema simu ama kochi, akasema nipelekeni nikamuone ndovu, yuko hapo ng'ambo tu na mimi nazeeka. Bas tukachanga, tukakodi basi ndogo.

Geti tumeingia saa 4:40 asubuhi, tumetoka saa 11:30 jioni. Tumeona nyati, twiga wawili, ngiri, mbega juu ya miti, na mnyama mmoja mwekundu mwenye pembe, dereva akasema ni palahala jike. Ndovu hakuna. Na si kwamba hawako, mavi yao yako kila kona, miti imevunjwa, pahali pengine renja alikivunja kinyesi kwa kijiti akasema hiki ni cha asubuhi ya leo, na nyayo kwa matope bado maji yaingia ndani. Tumepanda Giriama Point, tumeshuka kwa miguu mpaka maporomoko ya Sheldrick, tumerudi. Hakuna.

Mzee hakulalamika hata neno. Alisimama pale kwenye kile kinyesi akakipiga picha, akasema atamuonyesha mjukuu wake. Mimi ndio nilopanga safari na ile picha yanikaa rohoni mpaka leo. Sasa nauliza, ndovu walikua wapi? Nataka tumrudishe kabla hajastaafu na sitaki turudie makosa.

Kombani_Steji
Saa 4:40?? Hapo hapo mumeshakosea. Geti lafunguliwa saa 12 asubuhi. Jua likishapanda ndovu yuwaingia msituni kwa kivuli, hatoki mpaka jioni. Mulichelewa wapi, feri?

MwanaMvita
Feri kidogo, lakini ukweli ni wenzetu wawili wa Mtwapa tuliwangoja pale Buxton zaidi ya saa nzima.

Binti_Kisauni
Na kwa nini feri mwaka huu? Si mungepita Dongo Kundu, waingilia Miritini wavuka Mwache na Tsunza unatokea Ukunda, hakuna cha foleni.

Kombani_Steji
Dada hautokei Ukunda, unatokea Kibundani kabla ya Ng'ombeni, alafu waja Waa, Matuga, ndio Kombani wakata kulia kupanda Kwale. Ukifika Ukunda umeshapitiliza zamani.

Binti_Kisauni
Haya mwenye mji 😄 Kibundani.

Dereva wa Safari
Mimi nimeendesha wageni kutoka hoteli za Diani miaka 14, Shimba naenda pengine mara mbili kwa wiki msimu ukiwa mzuri. @MwanaMvita usijilaumu sana. Shimba si Tsavo. Tsavo Mashariki ni wazi, ndovu mwekundu kwa vumbi wamuona kilomita mbili. Shimba ni msitu wa pwani, vichaka vimebana, nyasi zimekua ndefu mvua ikishanyesha. Ndovu yuwaweza kua mita 15 kutoka kwa gari na usimjue. Siku moja nimesimama na wageni wane, nimezima gari nawaelezea habari ya miti, robo saa nzima twaongea, ghafla kile kilichokua kama mwamba mweusi nyuma ya kichaka kikapiga sikio. Yuko pale tangu tumefika. Nyayo zake zina nyama laini chini, hatembei kwa kelele kama watu wanavyodhani.

Kwa hivo jibu langu: mumewapita. Pengine mumewapita mara tatu.

Chumvi_ya_Gongoni
Mimi nliskia ndovu wa Shimba walihamishwa wote 2002, wakapakiwa kwa malori. Walobaki ni wachache ndio maana hawaonekani.

Msomaji_Tudor
@Chumvi_ya_Gongoni ni 2005 si 2002, na si wote. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walipanga kuhamisha 400 kuwapeleka Tsavo Mashariki kwa sababu walikua wamejaa na wanagombana na wakulima, wakahamisha kama 150 hivi. Walobaki bado ni wengi kwa msitu ule, eneo lenyewe la hifadhi ni kilomita mraba 190 na kitu. Kile kinyesi cha MwanaMvita hakikuletwa na lori.

Chumvi_ya_Gongoni
Sawa 2005, asante. Lakini 150 kutoka sio mchezo, hao ni familia nzima nzima. Walobaki lazima waliwaona wenzao wakidungwa sindano na kubebwa. Mimi naamini tangu siku hio waogopa gari. Ndovu hasahau.

Dereva wa Safari
Hapo siwezi kukupinga wala kukuunga. Kuna majike wawili nawajua wakiona gari kubwa wanageuka papo hapo, gari dogo wanaliangalia tu. Sababu siijui.

TangaKwetu
Habari za huko ndugu zetu. Kwetu Saadani tembo tunawaona hadi karibu na bahari. Hao tembo wa Kwale ni wa msituni sana au?

Mzee wa Mazeras
Karibu kaka wa Tanga. Ila huku kwetu tembo ni lile la mnazi, lagemwa juu ya mti na lakunywewa kwa mboko. Ukisema watafuta tembo Kwale utaonyeshwa kibuyu.

TangaKwetu
😂😂 basi huyo Mzee wa ofisini asingekosa.

MwanaMvita
Mzee wetu ni mtu wa swala tano, hilo la mnazi mumuondolee. @TangaKwetu karibu.

MatugaJuu
Nimesoma uzi huu nimeona niseme maana naona mwatafuta ndovu kama walopotea. Ndovu wenu Ijumaa usiku walikua kwa shamba la mamangu. Tuko mpakani upande wa kaskazini kule, fensi ya umeme iko lakini kuna pahali imelala, wao wanajua pale, dume lasukuma mti juu ya waya wengine wapita. Walikua sita. Mahindi yalikua yashaanza kutoa ndevu. Tumepiga madebe, tumewasha tochi, tumechoma pilipili na kinyesi kikavu ule moshi uwakere, wamekula mpaka saa tisa usiku alafu wakaondoka polepole kama watu walotoka harusini. Robo ya shamba imebaki. Mamangu ana miaka 67, alikaa mlangoni mpaka kukapambazuka.

Sasa ndovu akishakula hivo usiku, mchana atafanya nini? Amelala katikati ya msitu ameshiba. Nyinyi muliingia saa 4:40 mukamkuta kalala. Ndio jibu lenu hilo.

Siwachukii. Nimezaliwa nimewakuta. Lakini kila mtu aje aseme "hatukuwaona" na sisi twawaona sana.

Binti_Kisauni
Pole sana na mpe mama pole. Hili hatulifikirii tukienda na vyakula vyetu.

MwanaMvita
@MatugaJuu pole ndugu yangu. Kusema kweli sikujua. Ile Ijumaa usiku sisi tulikua twapakia maji na soda kwa gari. Mama amelipwa chochote?

MatugaJuu
Amejaza fomu. Si ya kwanza. Mimi namwambia ahamie ufuta na pilipili maana ndovu hazipendi, yeye asema ugali haupikwi kwa pilipili. Kuna jirani anataka kujaribu mizinga ya nyuki kuzunguka shamba kama walivofanya Sagalla kule Taita, ndovu yuwaogopa nyuki wallahi, akisikia tu ule mlio ageuka.

Msomaji_Tudor
Hili la nyuki ni kweli kabisa, limefanyiwa utafiti huko Sagalla. Wanaingia masikioni na ndani ya mkonga ambako ngozi ni laini.

Fundi_Changamwe
Mimi nina swali jingine. Mulikua mumevaa nini? Maana nimeona picha za safari nyingi za maofisi wote wamevaa tisheti moja.

MwanaMvita
Tisheti za buluu iliyokoza zenye jina la ofisi mgongoni. Kwa nini? Na sasa umenikumbusha, tuliumwa na mainzi balaa, wanatoboa hadi nguo. Mzee peke yake hakuumwa, yeye alikua na kanzu yake na koti la kaki.

Fundi_Changamwe
Eeeh! Hao si mainzi hao ni mbung'o. Rangi ya buluu na nyeusi ndio zinamvuta. Hamkuona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa? Ile ni mitego yao. Nyinyi mumekua mitego 17 inayotembea.

Shangazi_Bamburi
Yarabi. Na ugonjwa wa malale je? Mimi mwanangu ataka kwenda huko na shule.

Msomaji_Tudor
Shangazi tulia. Malale ya watu hapa Kenya yalikua kule magharibi, upande wa Busia na ziwani. Mbung'o wa Kwale tatizo lao kubwa ni ng'ombe, wanawapa nagana, wafugaji wa pembeni ya hifadhi wanalia nayo. Mwanao avae nguo za rangi ya mchanga, mikono mirefu, na wafunge vioo gari likitembea maana mbung'o hufuata kitu kinachokwenda. Akirudi akapata homa ampeleke hospitali kama homa nyingine yoyote.

Shangazi_Bamburi
Shukran mwanangu.

Kombani_Steji
Turudi kwa ndovu jamani. Muziki je? Basi za maofisi nazijua, hapa steji zapita na spika zagonga mpaka vioo vya kibanda vyatetemeka.

MwanaMvita
Muziki tulizima getini. Lakini siwezi kudanganya, mule ndani watu walikua wanacheka na kuitana, na pale Giriama Point tuliteremka tukafungua pilau na kachumbari, watu 18.

Dereva wa Safari
Muulize pilau upepo uliipeleka wapi. Pua ya ndovu mimi naiheshimu kuliko macho yake. Macho yake ni dhaifu, lakini mkonga akiuinua hivi amejua wewe ni nani, umekula nini, na uko mbali kiasi gani. Upepo ukitoka baharini kupanda kule vilimani, na nyinyi muko juu upande wa bahari, harufu yote imeshuka msituni nyuma yenu.

Mzee wa Mazeras
Mimi nitasema lingine na vijana mtanisamehe. Shimba ile ina kaya, misitu mitakatifu ya wazee wetu, ndani yake na pembeni. Misitu ya kaya za Mijikenda imeingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, si kwa sababu ya miti peke yake. Nyanya yangu mzaa mama alikua Mduruma, alikua akituambia ukiingia msituni mnyama mkubwa humtaji kwa jina lake. Ukimtaja amejua watafutwa yeye na atajificha. Wao wakienda kuni walisema "mwenye nyumba". Nyinyi mumeingia na basi zima watu wanaulizana ndovu yuko wapi, ndovu yuko wapi. Na mzee wa watu amekwenda kutimiza nia yake ya mwisho ya kazi, hata kubisha hodi hamkubisha.

Fundi_Changamwe
Mzee kwa heshima zote, ndovu hajui Kiswahili.

Mzee wa Mazeras
Na sisi hatujui chake, ndio maana tunyamaze.

Msomaji_Tudor
Mimi si mtu wa mambo hayo lakini matokeo ni yale yale. Ukiambiwa usimtaje utanyamaza, na ukinyamaza utaona. Ndovu wanaongea kwa sauti nzito ambazo sikio letu halizipati, zinakwenda kilomita kadhaa. Mmoja akishtuka, kundi lote limejua.

Mwalimu Msambweni
Nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi naona hakuna aliotaja mvua. Masika ndio yaisha, kila shimo lina maji. Ndovu yuwataka maji pengine lita 100 na zaidi kwa siku, wakati wa kiangazi, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, lazima ashuke kwa bwawa na mito, hapo utamkuta. Sasa hivi kila pahali ni bwawa. Nimepeleka wanafunzi mara nne. Januari tuliona zaidi ya 20, Juni mara mbili hatukuona hata mkia, na tuliingia saa 12 na nusu asubuhi, bila muziki, bila buluu. Kwa hivo @Kombani_Steji saa peke yake haitoshi.

Kombani_Steji
Mwalimu mimi nimeishi hapa maisha yangu yote, Juni hio hio nimewaona kutoka barabarani, karibu na geti, saa 12 jioni.

Mwalimu Msambweni
Bas sote tumesema kweli na MwanaMvita bado hajapata jibu.

Binti_Kisauni
Na hayo maji ya kule si ndio tunakunywa huku?

Mwalimu Msambweni
Ndio. Chemchemi za Marere ziko mule Shimba, bomba lake laleta maji Mombasa tangu enzi za mkoloni. Pamoja na Mzima, Baricho na visima vya Tiwi. Ule msitu wakinga ukungu na mvua ya baharini, maji yapenya kwa mchanga yatokea chini. Ndio maana mimi hukasirika nikisikia mtu asema ameenda Shimba na hakuona kitu. Wengi wetu twaoga Shimba kila asubuhi.

Chumvi_ya_Gongoni
Hata sisi twaoga ikija 😅

Dereva wa Safari
@MwanaMvita nirudi nyuma kidogo, huyo mnyama mwekundu umempita haraka sana. Pembe zilikuaje?

MwanaMvita
Zimepinda kwenda nyuma kama jambia, zina mikunjo mikunjo. Rangi kama ya hudhurungi, tumbo jeupe, usoni michirizi meupe na meusi. Alikua peke yake kwa nyasi, alituangalia kama dakika tatu alafu akaingia kichakani.

Fundi_Changamwe
Si pongo huyo?

Dereva wa Safari
Pongo jike hana pembe, na ana madoa madoa meupe ubavuni. Hio ni palahala. Sikilizeni, Kenya nzima palahala wa porini yuko Shimba Hills tu. Si Mara, si Amboseli, si Tsavo. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya wanakaa siku tatu kumtafuta huyo mmoja na hawamuoni. Dume ni jeusi tititi, jike ni jekundu hivo.

Msomaji_Tudor
Isipokua dume dogo nalo ni jekundu, weusi waja na umri. Kwa hivo pengine alikua kijana.

Dereva wa Safari
Peke yake, eh? Jike kwa kawaida yuko na kundi. Yawezekana ni dume dogo lilofukuzwa. Uko na picha?

MwanaMvita
Picha anayo Mzee peke yake, sisi wengine simu zilikua zapiga picha za sisi wenyewe. Nimempigia sasa hivi. Asema picha ipo lakini imetoka na kidole. Nimemueleza habari ya palahala, kwamba ni pale tu Kenya nzima. Akanyamaza, alafu akauliza, "na yeye alikua peke yake?" Nikamwambia ndio. Akasema basi tulionana wawili.

Shangazi_Bamburi
Mpelekeni tena huyo mzee. Mimi natoa hela ya petroli, niko tayari, nitumie namba kwa faragha.

MatugaJuu
Mkija tena piteni kwetu. Mimi nilisema kwa uchungu lakini mzee ni mgeni wa kila mtu. Mkitaka kuona ndovu kwa uhakika jaribuni Mwaluganje, ni pale kaskazini ya Shimba, wakulima wa Kidigo na Kiduruma walitoa mashamba yao miaka ya tisini yawe ya ndovu na kiingilio kinagawanywa kwa wenye ardhi. Pale si msitu mzito, kumekauka zaidi, kuna madume makubwa. Hata karatasi za kinyesi cha ndovu walikua wanatengeneza.

Kombani_Steji
Mwaluganje na Shimba zimeunganishwa na ushoroba, ndovu yuwapita. Pengine Jumamosi walikua upande huo wote.

Dereva wa Safari
Mwaluganje barabara ikinyesha basi dogo halipandi, mutakwama. Tafuteni gari la fo-bai-fo. Mimi ningekaa Shimba hio hio, jioni, pale juu nyasi zinapokutana na msitu. Saa 10 na nusu mpaka geti kufungwa.

Mwalimu Msambweni
Asubuhi. Jioni mawingu hushuka kule juu mwezi huu.

Kombani_Steji
Asubuhi ndio ukungu Mwalimu! Jioni.

MwanaMvita
Haya nimeamua hivi, na mtu akiona kosa aniambie leo. Jumamosi ijayo, tunaenda saba tu, gari moja la fo-bai-fo la kaka wa mwenzetu. Tunaondoka Makadara saa 10 na nusu alfajiri, tunapita Dongo Kundu, wa Mtwapa watalala mjini Ijumaa. Kulipia tunamaliza mtandaoni usiku wake tusisimame getini. Nguo za kaki. Pilau hakuna, mahamri na chai ya chupa, tunakula Kwale mjini. Maporomoko tunaruka, ule mteremko ulimchosha Mzee magoti. Asubuhi Shimba, mchana tunampitia mama wa @MatugaJuu tumpe salamu na kitu kidogo, jioni tunarudi ndani. Na ndani ya gari ni "mwenye nyumba" tu, nimeshawaambia wote.

Nimemweleza Mzee mpango. Asema yuwataka dirisha la kushoto kwa sababu safari ya kwanza alikaa la kulia. Kilobaki ni darubini, hatuna hata moja.

Shangazi_Bamburi
Ya marehemu mume wangu ipo, alikua baharia. Ni nzito lakini yaona. Mtu aje Bamburi aichukue kabla ya Ijumaa.